Kiini Alichokijenga Mwila

Katika kituo cha picha za mionzi kule Bel-Air, mtaa wa Lubumbashi, karatasi zimebandikwa kila mahali, na mwandiko ni wa mtu mmoja. Mlangoni: Subiri uitwe. Kando ya sinki: Maji haya si ya kunywa. Ubavuni mwa kompyuta ya picha, kwa wino mwekundu: Courant ikienda, zima, toa prise, yaani umeme ukikatika, zima na uchomoe waya.

Zote ni za Mwila, fundi wa kompyuta wa kituo, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja ambaye kusema mbele ya watu watatu kunamkausha koo. Siku alipotetea kazi yake ya mwisho chuoni, profesa alimuuliza swali, naye badala ya kujibu aligeuka, akachukua chaki, akaandika jibu mpaka ubao ukajaa. Walimpa alama nzuri, lakini hadithi hiyo ilimfuata hadi kazini. Papa Ruphin, mpiga picha wa kituo, huisimulia kana kwamba alikuwapo.

"Huyu siku ataolewa," huwaambia wagonjwa, "bwana yake atakuta karatasi pa mulango ya chumba: gonga, ngojea, usipige kelele."

Mwila hucheka kidogo na kuendelea na kazi. Ruphin ana miaka ishirini na saba katika kazi hiyo. Alianza zama za filamu, picha zikioshwa gizani na kuanikwa kama nguo. Humwita "mwanangu", na akiwa amekasirika, "Madame Noyau". Jina hilo la pili lilitokana na mambo ya mwaka huu.

Mwezi wa tatu kompyuta iliyokuja na mashine ya mionzi ilikufa. Mashine yenyewe ilikuwa nzima, na kadi inayopokea picha kutoka kwenye mashine ilikuwa nzima vilevile. Lakini waliotengeneza kadi hiyo walikuwa wameshaacha kuitunza. Pilote yake, yaani ile programu inayojua kuzungumza na kadi, ilikubali kompyuta za zamani tu. Docteur Symphorien, mwenye kituo, alinunua kompyuta iliyokwisha kutumika, iliyoingia nchini kupitia mpaka wa Mokambo, akaiweka mezani mbele ya Mwila.

"Weye njo ulisoma," alimwambia. "Fanya iseme na kadi."

Ilimchukua wiki tano. Hakutaka kuitia pilote yake ndani ya kiini cha mfumo. Kiini, ambacho Lubumbashi wote wanakiita noyau, ndicho kinachoshika kila kitu katika kompyuta: kumbukumbu, diski, saa, zamu ya kila programu. Kosa moja mle ndani huangusha nyumba nzima. Kwa hiyo aliiandika pilote kama programu ya kawaida, inayokaa nje ya kiini pamoja na programu nyingine. Ikianguka, inaanguka peke yake na kuwashwa tena.

Hapo alifikiri vizuri. Shida ni kwamba kadi inapoleta picha haipiti mikononi mwa programu. Huandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kompyuta, mahali ilipoelekezwa. Na ikielekezwa vibaya huandika popote, hata juu ya kitu cha mwingine, na hakuna anayejua.

Kompyuta za miaka hii zina mlinzi wa jambo hilo. Hukaa kati ya kadi na kumbukumbu, ana orodha ya sehemu ambazo kila kadi imeruhusiwa kugusa, na inayozidisha hatua huizuia na kuandika ripoti. Lakini mlinzi huyo sharti awashwe, na kiini sharti kijengwe kwa namna ya kumtumia. Aprili, benchi likiwa limejaa wagonjwa, Mwila hakuwa na muda huo. Kiini alichokuwa nacho kilikuwa na ruhusa moja ya hatari: kuikabidhi kadi kwa programu bila mlinzi yeyote. Yeye aliiita mlango wazi. Kila ulipotumiwa, kiini chenyewe kiliandika katika daftari lake kwamba kuanzia sasa kisiaminiwe. Mwila aliusoma mstari huo, akaona aibu, akaendelea.

Ndipo akaja Aimé, mwashi. Alikuwa ameteleza kazini na mguu umevimba. Picha ilionyesha ufa kwenye mfupa, akafungwa plasta wiki sita. Alipopigwa picha ya marudio, mfupa ulikuwa safi, hauna hata kovu la kuunga. Mfupa ukivunjika huacha alama, Docteur alisema. Huu haukuvunjika kamwe. Waliikuza ile picha ya kwanza, wakaona ukanda mwembamba umepita juu yake, rangi ya kijivu tofauti kidogo na sehemu nyingine. Ufa ulikuwa ndani ya ukanda ule. Ukanda huo ulikuwa wa mfupa wa mtu mwingine.

Aimé hakupandisha sauti. "Wiki sita, Docteur," alisema. "Kazi yangu balishapatia mwingine."

Mwila alikuwa amesimama nyuma ya pazia na faili mkononi. Hakutoka mpaka mwashi alipoondoka.

Siku iliyofuata alianza kujenga kiini upya. Alichapisha maelezo kwenye sekretarieti, kibanda cha barabarani cha kuchapia, akayasoma kwenye benchi mchana, bukari yake, ugali wa huku, ikipoa. Kiini hujengwa kwa maswali. Ni maelfu, na kila moja hujibiwa ndiyo, hapana, au niite nikihitajika. Mlinzi wa kumbukumbu: ndiyo. Njia ya kuikabidhi kadi kwa programu chini ya mlinzi: ndiyo. Mlango wazi: hapana. Kwa jibu hilo la mwisho mlango haukufungwa tu; ulikosekana kabisa, na hata mtu mwenye funguo zote za kompyuta asingeweza kuufungua. Ujenzi ulihitaji saa tatu za umeme na mtaa ulikuwa ukipata mbili, kwa hiyo alijenga leo, akamalizia kesho. Akaihamisha kadi kwenye tundu jingine, kwa sababu mlinzi huhesabu vifaa kwa makundi, na katika tundu la kwanza kadi ilikuwa kundi moja na diski: kuipa programu kadi kungekuwa kuipa na diski. Mwishowe akaipokonya programu yake funguo zote isipokuwa ule wa kundi lake.

Kiini kipya kilianza kazi mwanzoni mwa Julai. Mwila aliomba kufuta kile cha Aprili, Docteur akakataa.

"Acha ikae. Ni pneu secours."

Basi kila kompyuta ilipowashwa orodha ilionyesha viini viwili, kipya juu na cha Aprili chini kama tairi la akiba, kwa sekunde tano, kisha kipya kikaendelea chenyewe.

Kilikuwa na siku kumi na moja kazini umeme ulipokatika, Jumatano saa nne asubuhi. Ruphin alizima kompyuta, akachomoa waya wake kama karatasi ilivyosema, akaenda uani kuwasha jenereta. Alikuwa bado ananawa mikono gari la wagonjwa lilipoingia.

Mama Nkandu, muuza samaki wakavu anayefuata mzigo wake Pweto, mji wa ziwani, alikuwa ameketi juu ya magunia lori lilipoingia shimoni. Aliangukia kisogo. Walimleta amefungwa juu ya ubao, shingo ndani ya kola ngumu, macho yakitazama dari.

"Mama, mikono unaisikia?" Docteur alimuuliza.

"Ya kuume, ndiyo. Hii ya kushoto iko inalala."

"Tangu wakati gani?"

"Mu njia ilikuwa inaamuka. Sasa inalala."

Docteur Symphorien aliwavuta Ruphin na Mwila pembeni. Ni mtu wa mwili mkubwa na sauti ndogo, na sauti ikizidi kuwa ndogo ndipo watu husogea.

"Munganga wa upasuaji ananingojea ku telefone. Kama shingo iko muzima, tunamufungula, anakaa, tunaangalia mukono polepole. Kama ilivunjika, muntu asimuguse. Anaenda ku hospitali vilevile na ubao yake. Nikimukalisha na mufupa imevunjika, ile mukono haitarudia, labda na miguu. Nataka picha mbili, ya mbele na ya upande. Ya upande iwe ndefu, nione mpaka pa mabega."

Mwila alirudisha waya, akabonyeza. Orodha ya viini viwili ikatokea, akakiacha kipya kiende. Programu ya picha ikaanza, na kwenye skrini ukatokea mstari mmoja: kadi haina kundi, haiwezi kukabidhiwa.

Akazima, akawasha. Mstari uleule.

"Kuko nini?" Docteur aliuliza.

"Mulinzi hayuko," Mwila alisema.

"Mulinzi yetu, ile sentinelle, iko pa portail, nilimuacha anakunywa chai," Ruphin alisema. Kisha akainama karibu na sikio la Mwila. "Mwanangu, chagua ile ya chini. Ile ya Aprili. Dakika tatu picha iko tayari. Nilipiga nayo bantu mia ngapi?"

"Na Aimé."

"Na Aimé," Ruphin alikubali. "Moja mu mia zote zile."

"Huyu anaweza kuwa wa pili."

Docteur alikuwa amewasikia. "Mwila. Dakika ngapi?"

"Sijui."

"Sijui haiko jibu. Nakupatia kumi. Zikiisha, Ruphin anachagua ya chini."

Mwila akaketi. Kiini hubeba ndani yake nakala ya maswali yote yaliyojibiwa wakati wa kukijenga. Aliifungua, akayatafuta yale matatu. Ndiyo, ndiyo, hapana. Hakuna aliyekigusa. Akafungua daftari la kuamka, ambalo siku zote, karibu na mwanzo, lilikuwa na mstari unaosema mlinzi amepatikana. Alishuka nalo polepole, kisha akarudi juu na kushuka tena. Mstari haukuwapo. Kiini kilimtafuta mlinzi na hakikumkuta.

Basi kosa lilikuwa chini zaidi, kwenye ubao wenyewe wa kompyuta. Labda umeme ulipokatika kitu kiliungua. Kama ni hivyo, dakika kumi hazikuwa na maana, wala saa kumi. Kompyuta nyingine yenye mlinzi haikuwapo kituoni.

"Dakika sita," Docteur alisema.

Upande wa pili wa kioo, kwenye chumba cha mashine, Mama Nkandu alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayeogopa kukohoa. "Docteur," aliita, "hii mukono sasa siisikie hata kidogo."

Ruphin alisogea mpaka ubavuni mwa kiti. Mwila aliona mkono wake umekaa juu ya meza, karibu na kibodi, tayari.

Alirudi mwanzo kabisa wa daftari, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Na pale, kushoto mwa kila mstari, akaona tarehe. Ilikuwa siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza, ya mwaka uliopita zamani, mwaka ambao yeye alikuwa bado mwanafunzi. Jana kompyuta hiyohiyo ilijua kwamba ni Julai.

Ubao wa kompyuta una betri ndogo ya duara, kama sarafu. Ndiyo inayoendesha saa kompyuta ikiwa imezimwa, na ndiyo inayohifadhi mipangilio ya ubao. Hii ilikuwa imekufa, pengine kabla hata ya kuvuka Mokambo. Maadamu waya ulikaa kwenye onduleur, kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika, ubao ulipata umeme kidogo, ukakumbuka. Waya ulipochomolewa ulisahau yote: tarehe, na kwamba Mwila alimwamsha mlinzi alipokuwa akijenga kiini kipya. Kiwandani humtoa akiwa amelala.

Na waya ulichomolewa kwa sababu karatasi ilisema. Jumatatu umeme ulikuwa umerudi kwa nguvu na kuchoma friji ya duka la jirani. Mjini hapa kila mtu anajua la kufanya umeme ukienda: kuchomoa kila kitu, ili unaporudi usikute cha kuunguza. Mwila aliandika karatasi ile saa ileile, na leo ndiyo mara ya kwanza kutiiwa. Kwa siku kumi na moja alikuwa ameizima na kuiwasha kompyuta labda mara arobaini ili kukijaribu kiini chake. Waya hakuuchomoa hata mara moja.

"Ni karatasi yangu," alisema.

"Nini?" Ruphin aliuliza.

Mwila alikuwa ameshaanza kuiwasha upya, kidole kikigonga kitufe cha kuingia kwenye mipangilio ya ubao kabla viini havijaonekana. Ukurasa wa kwanza haukuwa na kitu. Wa pili ulihusu diski. Mlinzi alikuwa amefichwa ndani ya ukurasa ulio ndani ya ukurasa, jina lake likiwa herufi chache tu, na mbele yake neno moja: amezimwa.

"Dakika mbili."

Akamwasha, akahifadhi, akaacha kompyuta iende. Alifungua daftari kabla ya kitu kingine chochote. Mlinzi amepatikana. Kundi la kumi na tatu: ndani yake kadi ya picha, peke yake. Programu ikachukua kundi lake na kutulia, ikingoja.

"Papa Ruphin, piga."

Ruphin aliipanga mashine juu ya shingo ya Mama Nkandu, akarudi nyuma ya kioo, akabonyeza. Picha ya mbele ilishuka kwenye skrini, meno, taya, mifupa ya shingo imepangana. Docteur alikaribia, akaitazama. Ya mbele haitoshi kuamua. Hilo hata Mwila alilijua.

Ruphin akaigeuza mashine upande, akachagua picha ndefu, akabonyeza. Mlio ukasikika. Skrini ikabaki tupu, kisha programu ikasimama, na mahali pa picha ukaja mstari mwekundu: kadi imetaka kuandika nje ya sehemu yake, imezuiwa.

"Sasa?" Docteur aliuliza.

"Ilizuiwa."

"Nani aliizuia?"

"Mulinzi."

"Basi mutoe." Sauti yake ilikuwa imeshuka kiasi kwamba jenereta karibu iifunike. "Ulisema hayuko, nikangojea. Alikuja, na njo yeye anatuzuia. Ule mama anapoteza mukono. Mutoe."

Mwila alikuwa anasoma namba ya mahali kadi ilipozuiwa. Akachukua kalamu, akaandika ukingoni mwa faili namba ya mahali ilipoishia sehemu aliyoigawia kadi yeye mwenyewe. Zilikuwa zinafuatana, bila pengo hata la moja.

Kadi haikuchanganyikiwa. Ilikuwa imeandika mstari baada ya mstari, kama inavyotakiwa, mpaka nafasi ikaisha chini ya kalamu. Picha ndefu ina mistari mingi kuliko ya kawaida. Alipokuwa akiiandika programu alipima kwa picha ya kawaida, akakata nafasi hiyo, akasahau kwamba kuna nyingine. Tangu kiini kipya kianze walikuwa wamepiga vifua na miguu tu.

Lakini Aprili kulikuwa na picha ndefu, migongo ya watu. Na Aprili hakukuwa na mlinzi. Mistari iliyokosa nafasi iliendelea mbele, ikaingia sehemu ya jirani, ambako picha ya mtu mwingine ilikuwa inangoja kuhifadhiwa. Ukanda mwembamba, kijivu tofauti kidogo.

Mwezi mzima na zaidi alikuwa akiulaumu mlango. Mlango ulikuwa wazi kweli. Aliyeisukuma kadi ipite alikuwa yeye.

Kurekebisha kulitaka kubadili namba moja. Angeweza kuibadili kimya na kusema kadi ilichelewa, tujaribu tena. Docteur asingeuliza, Ruphin asingejua. Lakini mkono wa Ruphin ulikuwa umeshafika kwenye kitufe cha kuzima, na Docteur alikuwa amemwamuru kwa ishara ya kichwa.

"Papa Ruphin, toa mukono," Mwila alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha hivyo, na Ruphin aliutoa. "Docteur, kosa iko mu programu yangu. Nafasi nilikata fupi. Picha ndefu inapita. Na kiini ya Aprili ingepita bila kusema kitu: picha ya huyu mama ingekatika chini, na kipande ya chini ingeenda ku picha ya muntu mwingine. Njo vile ilikuwa kwa Aimé. Haikuwa kadi. Ni miye."

Ruphin alivua miwani, akaitazama kana kwamba ndiyo iliyosema.

"Ikikatika chini," Docteur aliuliza polepole, "tungeona shingo mpaka wapi?"

Mwila hakuwa anajua mifupa. Ruphin ndiye aliyejibu. "Mpaka ya sita, Docteur. Ya saba ingebaki inje. Ungeona shingo muzuri, na ungefikiri ni yote."

Docteur alimgeukia Mwila.

"Tengeneza," alisema. "Ile ingine tutaongea."

Namba aliipata upesi; alijua ilipo kama mtu anavyojua jino linalomuuma. Akaiongeza maradufu, akaijenga programu upya, sekunde nne, akaiwasha. Kiini hakikuhitaji kuguswa, wala kompyuta kuzimwa. Mlinzi aliandika katika daftari kwamba kundi la kumi na tatu limepewa sehemu kubwa zaidi, basi.

"Mama, utanisamehe," Ruphin alisema kwenye kipaza sauti. "Tunapiga ingine moja. Usikohoe."

"Nikohoe na shingo ya nani?" Mama Nkandu alijibu.

Mlio. Mwila alishika ukingo wa meza. Picha ilianza kushuka, mstari kwa mstari: fuvu, sikio, mfupa wa kwanza, wa pili. Ruphin alikuwa anahesabu kwa midomo. Wa tano. Wa sita. Pale ambapo mara ya kwanza kadi ilizuiwa, picha iliendelea, na mfupa wa saba ukatokea. Kona yake ya mbele ilikuwa imekatika na kusogea, kipande kidogo kama ukucha, na mfupa wenyewe ulikuwa umeteleza nyuma, kuelekea mahali ambapo uti hupita.

Docteur alikuwa tayari ameshika simu. "Ilivunjika," alisema. "Ya saba, na imetembea. Namutuma na ubao yake. Muntu asimukalishe."

Alifunga simu, akaenda mpaka kwenye kitanda, akakishika kichwa cha Mama Nkandu kwa mikono miwili, pande zote, mpaka Ruphin alipoleta mifuko ya mchanga ya kukizuia. Kisha akawaita dereva wa gari la wagonjwa na Mwila, kwa maana ubao unahitaji watu wanne.

"Wote pamoja. Nikisema tatu. Na mu njia unaenda kama muntu wa miguu," alimwambia dereva. "Bakipiga honi nyuma, bapige."

Mwila alipewa pembe ya upande wa kichwa, karibu na bega la kushoto. Uso wa Mama Nkandu ulikuwa chini ya wake, ukionekana juu chini.

"Weye njo ulikuwa unabishana na Docteur," Mama alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Nilisikia. Munasema picha inaendaka ku bantu bengine." Alimeza mate kwa shida. "Hii munasema ilivunjika, ni yangu kweli?"

Docteur alikuwa ameshafungua mdomo kuhesabu, akaufunga akangoja.

"Ni yako, Mama," Mwila alisema. "Yote. Mpaka chini."

Mama Nkandu alifumba macho. "Basi munibebe muzuri," alisema, na Docteur akaanza kuhesabu.